Jumapili ya Zamu

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, kule Kongo, ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ya njia hiyo msafiri hutazama mgongo wa lori. Basi letu lilitoka alfajiri, likapita Likasi jua likiwa limeshapanda, likapita Mulungwishi, ambako Wamethodisti wana misheni yao tangu enzi za Wabelgiji, kisha likakwama Fungurume nyuma ya msururu wa malori yaliyosheheni mabamba ya shaba. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Mabamba hayo nimeyaona mara nyingi bandarini kwetu, yamefungwa mikanda ya chuma, yakisubiri meli. Kuona yanakotoka ilikuwa nusu ya sababu ya safari. Nusu ya pili ilikuwa kanisa.

Rafiki yangu wa Lubumbashi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Mimi si wa kanisa lake, na yeye ameshachoka kunialika. Safari hii hakunialika, alinipa kitendawili. Alisema kuna kata za kanisa lao Kolwezi ambazo majina daftarini yanaongezeka kila mwaka, shaba inauzwa kama haijawahi kuuzwa, lakini Jumapili viti viko wazi. Nikamwambia haiwezekani. Penye pesa pana watu, na penye watu kanisa hujaa. Akacheka, akanipa namba ya simu ya mzee mmoja.

Ukivuka mto Lualaba na kukaribia mji, ardhi inabadilika. Vilima unavyoviona havikuumbwa hivyo. Ni vifusi vilivyotolewa mashimoni. Vumbi jekundu limekalia majani ya miembe, paa za bati, na nguo zilizoanikwa. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya madini, na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Una magari mapya, hoteli mpya, mabango ya Kichina, na mitaa ambayo maji ya bomba hayajulikani.

Mzee alinipokea kwake, tukala bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu cha huko, na asubuhi akataka kunionyesha kitu kabla ya kuzungumza habari za kanisa. Tukaenda upande wa Kingamyambo. Ni bonde pana lililojaa mchanga laini wa rangi ya majivu, mabaki ya kinu cha Kolwezi yaliyomiminwa huko kwa miongo na miongo. Papa, kama kila mtu anavyomwita, alifanya kazi kwenye kinu hicho ujanani. Wakati ule matope yale yalikuwa takataka. Lakini ndani yake mlibaki shaba na kobalti ambazo mitambo ya zamani haikuweza kuzitoa zote, na takataka hizo zikaja kugombewa na matajiri wa dunia. First Quantum ya Kanada iliupata mradi huo mwaka 2006, serikali ikaufuta mkataba mwaka 2009, mali ikaangukia mikononi mwa kampuni ya ENRC, na kesi iliyofunguliwa na First Quantum ikamalizwa mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.25, zilizohusu na migodi mingine pia. Sasa kampuni ya Metalkol inayachimbua upya mabaki hayo, kazi iliyoanza kutoa mali mwishoni mwa mwaka 2018.

"Sisi tulikuwa batu mingi kwa kuyatupa," Papa alisema akitazama mashine kwa mbali. "Kuyaokota, batu ni kidogo tu."

Nilidhani anapiga soga za wastaafu. Baadaye ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameanza kunijibu kitendawili changu.

Miaka ya 1980, Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya migodi kutaifishwa, ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Mfanyakazi alipewa nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule ya watoto. Kanisa pia lilikuwa ndani ya mpango: tangu ukoloni kampuni, serikali na wamisionari Wakatoliki walisaidiana kumtengeneza mfanyakazi mtulivu, mwenye mke mmoja na kitanda kimoja. Haikuwa pepo. Kampuni ilijua mpaka ulichopika. Hata hivyo mtu alikuwa na mtaa, na jirani yake wa mwaka huu ndiye jirani yake wa mwaka ujao. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu kuhusu kizazi hicho na akakiita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni.

Wamormoni waliingia Zaire, jina la Kongo wakati ule, kipindi hicho hicho. Kanisa lilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 1986, na miongoni mwa waumini wa mwanzo walikuwamo Wazaire waliobatizwa walipokuwa masomoni Ulaya. Mwaka huo Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Wageni walifika karamuni sahani zikiwa karibu kuondolewa. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 wanajeshi na raia walipora miji. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa wa migodi hii. Maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri mabehewa, na wengi wakafia hapo au njiani. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulishuka hadi karibu tani 30,000.

Papa alibatizwa Lubumbashi, alikopelekwa na kazi, kabla ya Wakasai kufukuzwa. Aliporudi Kolwezi walisali wachache, na katika wachache hao Wakasai walikuwa wengi, maana walikuwa wengi pia katika ofisi na karakana za Gécamines. Walipoondoka, makanisa yote ya mji yaliona pengo. Katika kikundi kidogo, familia nne zikiondoka, anayepiga kinanda ameondoka, mwalimu wa watoto ameondoka, na aliyeshika funguo ameondoka.

Hapa inafaa nieleze jinsi kanisa hilo linavyopangwa, maana bila hilo hesabu za Kolwezi hazieleweki. Kwa Wamormoni huchagui mahali pa kusali kwa kumpenda mhubiri. Ramani imechorwa. Ukilala mtaa huu, kata yako ni hii. Ukihama, jina lako linahamishiwa kata nyingine. Kata kadhaa zinafanya kigingi, na Kolwezi ina kigingi chake. Mchungaji wa mshahara hakuna. Askofu ni fundi umeme au mwalimu wa shule. Anatumikia miaka kadhaa, kisha anampisha mwenzake. Tena kundi haliwi kata kwa wingi wa watu peke yake. Lazima wawepo wanaume wa kutosha wenye ukuhani wa Melkizedeki, wanaohudhuria, na wanaotoa zaka kamili, yaani sehemu moja ya kumi ya mapato. Pasipo hao, kundi linabaki tawi, hata kina mama na watoto wawe wengi namna gani. Wanawake wa Kolwezi ndio wanaofungua milango, wanaofundisha, wanaotembelea wagonjwa. Kwenye hesabu hiyo hawamo. Nilimwambia Papa kwamba naona jambo hilo si haki. Akanijibu kwa adabu kwamba mimi ni mgeni.

Sasa, wanaume hao hao, wenye miaka kati ya ishirini na mitano na hamsini, wenye kipato cha kutolewa zaka, ndio mgodi unaowataka.

Jumapili nilikaa safu ya nyuma. Ibada huchukua saa mbili tangu mwaka 2019, zamani ilikuwa tatu. Kifaransa mimbarini, Kiswahili kwenye viti. Vijana wa kiume waliovaa mashati meupe walipitisha mkate uliomegwa, kisha maji katika vikombe vidogo. Mbele yangu aliketi mwanamume aliyeingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaisha. Shati lake lilikuwa jeupe, lenye mikunjo mipya ya pasi, na tai imefungwa barabara. Lakini miguuni alivaa buti za kazi zenye chuma mbele, tope jekundu limekaukia kwenye kamba. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Mkewe alimpakatisha mtoto, akapokea mkate, akapokea maji, na kabla msemaji wa kwanza hajamaliza salamu alikuwa amelala, kidevu juu ya kichwa cha mtoto. Hakuna aliyemwamsha. Mtoto naye alitulia tuli, kama aliyezoea.

Karani wa kata alisimama karibu na mlango, akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, safu kwa safu, akaandika. Baada ya ibada nilimwomba anieleze, bila kunionyesha majina. Alikuwa kijana mwenye lugha ya mahesabu. Alisema daftari na viti ni vitu viwili. Wapo waliobatizwa na kwenda Fungurume, wapo walio kambini Kamoa wanaorudi nyumbani baada ya majuma, wapo walio Kisanfu. Wapo wachimbaji wa mikono waliohama bila kuaga, na majina yao mwisho wake huwekwa kwenye orodha ya wasiojulikana walipo. Waliobaki mjini wanagawanywa na zamu.

"Hapa tuko na kata mbili," alisema. "Ya juma hili na ya juma lijalo. Kuonana bote ni Noeli."

Hilo ndilo jibu ambalo rafiki yangu alitaka nilifuate mwenyewe. Nchi sasa inatoa zaidi ya tani milioni tatu za shaba kwa mwaka, mara sita na zaidi ya kilele cha Gécamines. Duniani ni Chile pekee inayoitangulia. Mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa mali Mei 2021, wa Kisanfu ukafuata mwaka 2023. Lakini tani hizo hazikuleta tena ile kazi ya nyumba na mtaa. Mitambo inafanya kazi ya mamia, wengi wameajiriwa na wakala badala ya mgodi wenyewe, mkataba ni wa miezi, chumba ni cha kupanga. Mfanyakazi wa namna hii anaweza kuamini sana na kulipa zaka vizuri, lakini huwezi kumpa darasa la vijana la kila Jumapili. Askofu wa kata moja, fundi kwa kazi yake, aliniambia anapotafuta mtu wa kumpa wito wa kazi kanisani, swali la kwanza siku hizi ni ratiba yake ya zamu. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Na kuna jambo la nyumba zenyewe. Mwaka 2014 mkazi wa mtaa wa Kasulo alichimba uani kwake akakuta madini yenye kobalti. Habari ikaenea, na watu wakaanza kuchimba uani, jikoni, hata chumbani chini ya kitanda. Mtaa ukawa matundu. Mwaka 2017 sehemu yake ilikabidhiwa kampuni ya Kichina ya CDM, wakazi wakalipwa wahame, ukuta ukajengwa. Upande mwingine wa mji shimo la kampuni ya COMMUS limekuwa likipanuka kuelekea Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni, na familia zimekuwa zikiondolewa. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu uhamishaji huo. Kanisa linalohesabu watu kwa anwani huumia kwa namna yake hapa. Parokia ya Kikatoliki inaweza kumpokea tena mtu wake anayerudi kwa miguu kutoka mtaa wa mbali. Mmormoni aliyehamia mbali ana kata nyingine, au hana kabisa kwa sababu huko kwenye viwanja vipya bado hakuna hata tawi.

Nisilolitarajia ni habari ya mwaka 2025. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, bei ikiwa imeanguka kwa sababu soko limefurika. Nilitegemea kusikia kwamba kanisa lilinyauka. Mama mmoja, anayeuza maandazi na chai kwenye soko la madini la Musompo (chai hiyo haonji, kanisa lake limemkataza), alinieleza kinyume chake. Musompo ndiko wachimbaji hupeleka mifuko ya mawe ipimwe kwa kile kifaa wanachokiita Metorex, na mnunuzi hutaja bei kwa kusoma namba ambayo mchimbaji hana njia ya kuihakikisha. Soko lilipopoa, wanaume walibaki nyumbani.

"Kwanza balikuya bote," alisema. "Bwana yangu, bandugu bake, kila siku ya Mungu. Mi nikasema, ona, Mungu amefunga soko ili tuonane. Kisha feza ya nyumba ikakosekana. Bengine bakarudia kwabo."

Kwa hiyo viti vilijaa kwanza, vikapungua baadaye. Kipindi hicho ndipo matoleo ya mfungo yalipofanya kazi. Jumapili ya kwanza ya mwezi Wamormoni hufunga milo miwili na kutoa thamani yake, na askofu hutumia fedha hiyo kuwasaidia wenye shida. Shida ni kwamba wenye kutoa na wenye kuhitaji walikuwa watu wale wale. Katazo liliongezwa muda mwezi Juni, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 umekuja badala yake mgawo: kila kampuni na kiwango chake, jumla tani 96,600 kwa mwaka 2026 na nyingine kama hizo kwa mwaka 2027.

Bado sijamtaja mgeni mkubwa zaidi kwenye viti vile. Wakasai wamerudi. Almasi ya Mbuji-Mayi, huko Kasai, haimlishi mtu tena tangu kampuni ya MIBA ilipoanguka, na treni na malori yanawaleta vijana Kolwezi kila juma. Kasai ni moja ya sehemu ambazo Wamormoni wamestawi sana Kongo, hivyo katika kila kundi la wahamiaji huwamo waliokwisha kubatizwa, wanaojua nyimbo, wenye ukuhani tayari. Nchini kote waumini wamepita laki moja. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu tarehe 14 Aprili 2019, na lingine lilitangazwa kwa Lubumbashi mwaka 2020. Kata zenye wahamiaji wengi ndizo nilizoziona zimechangamka, na uani baada ya ibada Kiluba cha Kasai kilisikika sawasawa na Kiswahili. Mitaani si kila mwenyeji anawafurahia wageni hawa. Maneno ya mwaka 1992 hayajasahaulika, na nimeyasikia yakisemwa kwa sauti ya chini kwenye duka la dawa. Ndani ya geti la kanisa sikuyasikia. Labda kwa sababu askofu anahitaji kila mwanamume anayeweza kumpata.

Makao makuu ya kanisa hili yako Salt Lake City, Utah, na kusini-magharibi mwa mji huo kuna shimo la shaba la Bingham Canyon, moja ya mashimo makubwa kabisa yaliyochimbwa na binadamu. Uchimbaji wake wa wazi ulianza mwaka 1906, mwaka ule ule ilipoundwa Union Minière. Brigham Young, aliyewaongoza waumini hadi Utah, alikuwa amewahimiza walime, wasikimbilie dhahabu ya California. Kwa hiyo waliochimba Bingham wengi wao walikuwa wahamiaji: Wagiriki, Waitaliano, Wajapani. Shimo lilizidi kupanuka mpaka mji mdogo wa Bingham Canyon ukafutwa rasmi mwaka 1971. Nilimsimulia Papa kisa hicho tukiwa barazani. Akauliza kama watu wa kule walilipwa nyumba zao. Nikamwambia kampuni ilizinunua moja moja. Akatikisa kichwa, akaomba nimtajie bei, na sikuwa nayo.

Sikubaliani na wale wanaosema viti vitupu vya Kolwezi ni dalili ya watu kupoa imani, wala na wanaosema ni umaskini. Nimemwona mtu akitoka usiku kucha shimoni akapiga pasi shati lake. Kinachokosekana ni makazi: nyumba ambayo mtu ataikalia miaka kumi, na ratiba inayomwacha Jumapili mbili kwa mwezi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya wenyeji, na ikubaliane nao kwa maandishi nini kitajengwa. Nilivyoona, miradi hiyo huishia kwenye visima, madarasa na zahanati, na vyote vinahitajika. Nyumba za wafanyakazi na fidia ya nyumba kwa nyumba kwa wanaohamishwa hazina budi kuingia humo. Nawaomba viongozi wa dini wanaoalikwa kwenye vikao hivyo, maaskofu wa Kikatoliki, wachungaji wa Kimethodisti, na hao maaskofu mafundi wa Kimormoni, walidai jambo hilo kwa sauti moja kabla ya kusaini.